Silingi ya mawingu iko futi ngapi?

SWALI: Mhariri habari. Kijana wangu anasomea urubani, juzi akiwa hapa nyumbani Kondele akanionyesha kwa simu ripoti ya hali ya hewa ya uwanja wa Kisumu, imeandikwa FEW018 SCT025 BKN090. Nikamwambia basi silingi ni futi 1,800 leo ndege zitapata shida, akacheka akaenda zake. Nilikosea wapi? – Mzazi, Kondele

JIBU: Mzee, silingi, yaani urefu kutoka chini hadi tabaka la mawingu lililoziba zaidi ya nusu ya anga, hapo ni futi 9,000. Anga wanaigawa mafungu manane, FEW ni mawingu yameziba fungu moja au mawili, SCT matatu hadi manne, na hayo hata yakining'inia chini namna gani hayahesabiwi silingi. Silingi inaanzia BKN, yaani mafungu matano hadi saba, ama OVC ambapo anga yote imefunikwa, halafu kati ya hayo unachukua lile tabaka la chini kabisa. Namba unaongeza sifuri mbili tu.

Sasa penye watu huchanganyikiwa ni hapa, hizo futi zinapimwa kutoka uwanjani si kutoka baharini. Kisumu yenyewe iko futi 3,700 na kitu juu ya bahari, kwa hivyo wakiandika BKN025 rubani anaingia mawinguni altimita yake, kile kipimo cha urefu kutoka baharini, ikisoma kama 6,200, na mtu wa Nandi Hills, maana kule ni juu zaidi, wingu hilohilo likimfikia yuko ndani yake na anaita ukungu. Ukungu ukiwa mzito hadi anga haionekani wanaandika VV na namba, yaani futi ambazo jicho linaona kwenda juu, na marubani wanaichukua kama silingi.

Lakini mimi kwa Kisumu silingi hainisumbui sana, macho yangu yako kwa herufi CB, yaani wingu la radi. Mchana upepo wa ziwa unasukumwa nchi kavu, unapanda ile milima ya Nandi, na kufikia jioni mawingu ya radi yamejijenga hadi unasikia mabati yakipigwa na mvua ya mawe. Ripoti inaweza kusema FEW025CB, wingu moja pengine, silingi hakuna kabisa, na bado rubani atalizunguka mbali ama asubiri lipite, so ukienda kupokea mgeni wa ndege ya jioni na uone hizo herufi, beba subira na pesa ya chai.