Simu inasema haina sasisho jipya, ndo iko salama?

SWALI: Habari mtaalamu. Nina Android ya miaka minne sasa, nikibonyeza kuapudeti inaniambia mfumo ni wa kisasa, na nimeweka antivairasi inaskani kila siku haikuti kitu. Natumia app ya benki humo humo. Jamaa yangu anasema simu hiyo imejaa matundu niitupe. Ni kweli?

JIBU: Nzuri ndugu. Jamaa yako ana hoja, ila kuitupa ni kukuza mambo.

Hayo maneno ya "mfumo ni wa kisasa" usiyaamini hivi hivi, maana yake ni kwamba mtengenezaji hana kipya cha kukutumia, na akishaacha kabisa kuihudumia simu itaendelea kukwambia hivyo hivyo mpaka ife. Ingia setingi, nenda Kuhusu simu, fungua toleo la Android, humo kuna tarehe ya sasisho la usalama. Hiyo ndo ya kuangalia. Ikiwa ya miezi miwili mitatu nyuma haina neno, ikiwa imepita mwaka basi kila tundu, yaani kasoro ya programu ambayo mwizi anaweza kupitia, lililotangazwa tangu hapo huenda bado liko wazi kwako, na wezi wanayasoma matangazo hayo hayo.

Sio maneno ya kutishana. 2015 lilitangazwa tundu la Stagefright, lilikuwa kwenye sehemu ya Android inayosoma video, mtu akijua namba yako tu anakutumia MMS (ujumbe wa picha na video) yenye video iliyochezewa na simu nyingi zilikuwa zinaipakua zenyewe kabla hujagusa chochote. Mwaka huo huo Google wakaanza kutoa masasisho ya usalama kila mwezi. Na wa iPhone msicheke, Septemba 2021 Apple waliziba tundu la iMessage kwa iOS 14.8, nalo lilikuwa linaingiza Pegasus, programu ya kijasusi, bila mwenye simu kubonyeza kitu.

Antivairasi sasa. Kwenye simu kila app imefungiwa chumba chake, na antivairasi nayo ni app tu, haiwezi kuchungulia chumba cha mwenzake wala kuziba ufa wa ukuta. Inachoweza ni kutambua app mbaya inayojulikana tayari, kazi ambayo Play Protect, kinga ya Google iliyomo ndani ya Play Store, anaifanya bure.

Ila ukiniuliza pesa za watu wengi zinaondokaje, sio kwa mambo makubwa hayo ya Pegasus. Unatumiwa linki, unapakua faili la APK, yaani la kusakinisha app, nje ya Play Store, labda inajiita kisoma PDF, ukiifungua tu inakung'ang'ania uiwashie Zana za ufikivu, ile ruhusa iliyowekwa kwa ajili ya wasioona vizuri. Ukikubali umeisha, inasoma skrini yako, inabonyeza vitufe badala yako, ukifungua benki inaweka juu yake ukurasa wa kuiga, na ile kodi ya siri ikiingia kwa SMS inaiona kabla yako. Android 13 iliweka kizuizi hapo kwa app za nje, lakini mtumiaji bado anaweza kukiondoa mwenyewe, kwa hiyo siku hizi tapeli anakupigia anakuelekeza hatua kwa hatua, tena kwa upole!

Kwa hiyo fungua Zana za ufikivu leo, usiyoijua izime kisha uifute. Ikigoma kufutika angalia kama imejiweka kwenye wasimamizi wa kifaa, itoe huko kwanza, ikibidi washa simu kwenye hali salama, ambayo app ulizoweka mwenyewe haziwaki.

Tarehe yako ikiwa imepitwa sana, app ya benki pamoja na laini inayopokea zile kodi za siri za SMS zihamishie simu nyingine, hii ibaki ya muziki na kuperuzi, na uendelee kuapudeti Chrome na WebView (kile kinachofungua kurasa za mtandao ndani ya app) kupitia Play Store, hizo huwa zinapata masasisho hata mfumo wenyewe ukiwa umetelekezwa. Ukinunua nyingine usikimbilie kamera, uliza kwanza itapata masasisho ya usalama miaka mingapi. Pixel 8 na Galaxy S24 ziliahidiwa 7, nyingi za bei ya chini hazifiki hata nusu ya hapo.