Kabati limejaa, cha kuvaa hakuna

Mdogo wangu, umesema umeanza kazi ya ofisini hapa Dar, umenunua nguo kwa kuwaangalia wenzako, na sasa kila asubuhi unajiona kama umeazima. Nimekuelewa kabisa.

Usinunue kitu kwanza. Mwaga nguo zote kitandani, utenge zile unazozirudia bila kulazimishwa. Zinafanana wapi? Urefu wa mikono, kiuno, rangi, uzito wa kitambaa? Mtindo wako uko hapo. Zisizovaliwa gawa.

Kisha tafuta fundi mzuri. Kwangu hili ndilo kubwa kuliko yote. Usimpelekee picha ya simu peke yake, maana yule mrembo wa kwenye picha hana umbo lako. Mpelekee gauni linalokukaa vizuri alipime. Kitenge cha pamba kiloweke na ukianike kabla hakijakatwa, la sivyo kitarudi, yaani kitapungua, baada ya kufuliwa. Mwombe aache kitambaa cha ziada kwenye mishono ya ubavuni, ukinenepa apanue. Nguo ya shughuli usimpe wiki ileile, utalia.

Ukienda soko la Karume kwenye mitumba, kagua kwapa na zipu juani. Fua na upige pasi kabla ya kuvaa. Ngozi ikiwasha au kutoa vipele visivyoisha, muone daktari, usijipake dawa za kuambiwa.

Ulivyouliza kama unaweza kuvaa suruali kazini, muulize ofisa utumishi wenu. Kila ofisi ina utaratibu wake. Na tafadhali, usikope kwa ajili ya nguo.