Binti hana makaratasi: ajaze FAFSA au aiache?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni mhasibu, naishi Kent, jimbo la Washington. Msikiti wetu umenikabidhi binti wa Kimombasa nimsimamie kimasomo hadi aingie chuo. Alikuja Marekani na mama yake akiwa na miaka tisa kwa viza ya matembezi. Viza ikaisha, wakabaki. Haya aliniambia mwenyewe, akilia, baada ya miezi minne. Mwezi ujao anatimiza miaka 18, na mwalimu ameliambia darasa zima lijaze FAFSA, ile fomu ya kuomba msaada wa fedha za chuo. Ajaze? Na DACA, ule mpango wa kuwakinga wasifukuzwe nchini waliokuja wakiwa watoto, je? Na kuna safari ya masomo Uhispania anaitamani sana, nimtie moyo?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Umekaa miezi minne bila kumchimba, ndiyo maana akakuamini. Naanza na FAFSA, kwa sababu hapo mtu mwenye nia njema anaweza kumharibia mtoto maisha kwa dakika moja.

Asiijaze. Hiyo ni fomu ya fedha za serikali kuu, na asiye na makaratasi hapati hata senti, awe na alama nzuri namna gani. Hatari yenyewe iko kwenye swali la uraia. Mwaka mmoja aliingia ofisini kwangu kijana na simu mkononi, fomu imefika ukurasa huo. Mtu mzima shuleni kwao alikuwa amemwambia, "Weka raia tu, watarekebisha wenyewe." Kidole kilikuwa kimeshakaribia kisanduku. Nilimshika mkono, kweli nikamshika. Kudai uraia wa Marekani kwa uongo ili upate faida fulani kunaweza kukufungia mlango wa kadi ya kijani, yaani ukaazi wa kudumu, maisha yote, hata ukija kuolewa na raia. Sheria hiyo inagusa madai yote yaliyotolewa tangu Septemba 30, 1996, na msamaha wake karibu haupo. Mwambie binti swali hilohilo atakutana nalo kwenye fomu za kazi, na siku ya kuchukua leseni ya udereva akiulizwa kama anataka kujiandikisha kupiga kura. Hapo ajibu hapana, bila kusitasita.

Heri yake yuko Washington. Jimbo lina fomu yake, WASFA, kwa wasioweza kupata msaada wa FAFSA. Tangu 2003 sheria ya jimbo inamruhusu mwanafunzi kama yeye kulipa ada ya mkaazi wa jimbo, iliyo nafuu, na tangu 2014 kuomba ruzuku ya jimbo. Ila ada hiyo haiji yenyewe: lazima apeleke chuoni hati ya kiapo ya ukaazi, na wengi huisahau. Kisha kuna karani wa chuo. Akiona amezaliwa Kenya, anaweza kumsukuma dawati la wanafunzi wa kimataifa, na huko atadaiwa taarifa za benki na ada kubwa zaidi. Nenda naye siku hiyo. Semeni, "Anamaliza sekondari ya hapa jimboni, tumekuja kwa hati ya ukaazi." Viza haina haja ya kutajwa.

Usichukue ushauri wa binamu aliyeko Houston, Texas. Texas ilitangulia majimbo yote kuruhusu ada hii mwaka 2001, lakini Juni 2025 mahakama ikaiondoa. Florida nayo iliifuta mwaka huohuo. Kila jimbo na lake, na mambo haya yanabadilika, kwa hiyo uliza upya kila muhula.

DACA usimwahidi. Ilitaka mtu awe tayari ndani ya Marekani Juni 15, 2007, na watoto wanaomaliza sekondari sasa wengi wao hata hawakuwa wamezaliwa, au walikuwa wachanga. Isitoshe, Julai 2021 mahakama ilizuia maombi mapya yasiidhinishwe.

Uhispania, asiende. Inaniuma kuandika hivyo, maana najua safari kama ile inavyomfungua kijana. Lakini akitoka hana viza ya kurudia. Na hapa ndipo ile siku yake ya kuzaliwa inapokuwa jambo zito. Kwa kawaida siku za kukaa bila kibali hazihesabiwi dhidi ya mtoto aliye chini ya miaka 18. Akishatimiza 18, hesabu inaanza. Zikipita siku 180 kisha akatoka nchini, anaweza kuzuiwa kurudi miaka mitatu. Ukipita mwaka mzima, miaka kumi. Kwa hiyo amwone wakili wa uhamiaji sasa, kabla ya miezi sita hiyo kwisha, ili ajue njia zake zote wakati bado zipo. Kuna njia nyingine hufungwa akifikisha 21, kama ile ya vijana waliotelekezwa au kufiwa na mzazi, inayopitia kwanza mahakama ya jimbo. Wewe usimhoji kuhusu baba yake. Hiyo ni kazi ya wakili, au mwakilishi aliyeidhinishwa na Wizara ya Sheria. Yule bwana wa mtaani anayejazia watu fomu kwa dola mia mbili, mwepukeni.

Jambo dogo ambalo walezi wengi hulikosea: usiandike hali yake kwenye barua pepe unapomwombea ufadhili. Andika "hastahili msaada wa serikali kuu," inatosha. Shirika la TheDream.US hutoa ufadhili kwa vijana wasio na makaratasi, na Immigrants Rising wana orodha za wafadhili wasiodai namba ya Social Security. Anzieni hapo.

Siku ya wakili abebe pasipoti yenye viza ile, cheti cha kuzaliwa na rekodi za shule tangu darasa la kwanza aliloingia huku. Mama yake aende pia, naye apate nafasi yake ya kuzungumza. Wewe wapeleke, halafu subiri nje. Siri ya wakili na mteja inaweza kupoteza kinga yake kukiwa na mtu wa tatu chumbani.