Kuishi kijijini Uingereza: anza na ubao wa matangazo

Mdogo wangu, swali lako nimelisoma mara mbili. Umepata kazi ya uuguzi kwenye nyumba ya wazee kijijini, Derbyshire, na unauliza utaishije bila gari, ukiugua utakwenda wapi, na kama upweke hautakumaliza. Wadau wengi waliotangulia kukujibu wamesema uikatae, usubiri mji mkubwa. Mimi kwetu ni Lushoto, na tangu 2022 naishi kwenye bonde la Hope, huko huko Derbyshire, nahudumia wazee majumbani mwao. Ngoja nikueleze niliyoyapitia.

Naanza na upweke, maana huo ndio ulionifanya nikaribie kufungasha mizigo nirudi nyumbani. Miezi minne ya kwanza hakuna aliyebisha hodi kwangu. Sisi mgeni akihamia, jioni ile ile utasikia hodi, mtu kaja na viazi kwenye kikapu, au kaja tu kuuliza umetoka wapi. Hapa kimya. Mtu mnapishana barabarani, anasema leo baridi, anapita zake. Nikaamini hawanitaki. Nilikosea, na uchungu wa kosa lile bado naukumbuka, ndiyo sababu naandika kirefu hivi. Watu wa vijijini huku wanaona kumgongea mtu mlango bila shida maalumu ni kumwingilia. Kukuacha na nyumba yako ndiyo heshima yao. Kukukaribisha wanakukaribisha, ila karibu yenyewe hubandikwa ubaoni.

Nililijua hilo kwa njia mbaya. Ilikuwa Januari, saa kumi na moja jioni, giza limeshaingia zamani, maana majira ya baridi jua huzama karibu saa kumi. Nimetoka kwa mzee wa mwisho, nimesimama kituoni kwenye barabara isiyo na taa wala njia ya miguu. Basi halikuja. Nikasubiri dakika arobaini, vidole sivisikii tena. Akapita mama mmoja na mbwa wake, akaniuliza nasubiri nini. Nikamwambia. Akaniambia basi la saa ile limeondolewa tangu wiki iliyopita, tangazo lipo kwenye ubao mbele ya ukumbi. Alinichukua kwa gari lake hadi nyumbani. Njiani akaniuliza, hivi Jumanne huji kwenye kahawa? Kahawa gani? Na hiyo nayo ilikuwa ubaoni.

Kesho yake nikaenda kuusoma ubao ule mstari kwa mstari. Ni kabati la mbao lenye kioo, nilikuwa nalipita kila siku. Kulikuwa na kahawa ya Jumanne saa nne asubuhi, chakula cha mchana cha wazee mara mbili kwa mwezi, ratiba ya gari la maktaba, kikundi cha kufuma, kikundi cha kutembea milimani, mkutano wa baraza la kijiji, namba ya madereva wa kujitolea wanaopeleka wagonjwa hospitali, na karatasi ya mtu aliyepoteza paka. Kijiji kizima kilikuwa pale nyuma ya kioo, nami niliishi miezi minne nikidhani hakuna kitu.

Nilipokwenda Jumanne ile nilikuwa na wasiwasi na hijabu yangu, hasa kwa kuwa kahawa yenyewe hufanyika kwenye chumba cha kanisa. Nikupe ukweli: waliniangalia, kisha mmoja akaniuliza kama nakunywa na maziwa. Basi. Nilipoeleza sitashiriki bahati nasibu yao, hakuna aliyenuna. Kitu kimoja kitakusumbua mwanzoni. Bibi wa miaka 88 atakutaka umwite kwa jina lake, hakuna shikamoo, hakuna bibi. Mdomo ulikuwa mzito. Mpaka leo wawili nawaita "bibi", nimewafundisha maana yake, na wanaitikia.

Lakini kahawa peke yake haikunifanya mtu wa pale. Kilichonifanya ni kazi. Ukitaka kukubalika kijijini Uingereza, shika kazi moja ambayo mtu akikosekana itaonekana: kupanga viti, kuosha vikombe, kuwa na funguo za ukumbi. Ukumbi wa kijiji hauendeshwi na serikali. Mara nyingi ni mali ya udhamini, na kamati ya wanakijiji wanaojitolea ndiyo hukusanya ada, hupaka rangi na hubadilisha balbu. Kumbi nyingi zilijengwa baada ya Vita vya Kwanza vya Dunia kuwakumbuka vijana waliokufa, na ndiyo maana majina yao utayakuta ukutani. Women's Institute, umoja wa kina mama ulioanzia Kanada mwaka 1897 na kufika Wales 1915, nao hukutana humo. Si wa dini wala wa chama. Niliwapikia pilau jioni moja nikaeleza kila kiungo, na walioandika mapishi waliandika kwa makini kama wanafunzi wa mtihani.

Sasa baraza la kijiji, wenyewe wanasema parish council. Usilipuuze. Mabaraza haya yapo tangu sheria ya 1894. Wajumbe kwa kawaida hawalipwi mshahara, wana karani anayelipwa, sawa na mtendaji wetu wa kijiji, na fedha zao hutoka kwenye sehemu ndogo ya kodi ya nyumba inayokusanywa na halmashauri. Wanashughulikia viwanja vya michezo, makaburi, mabenchi, bustani za kukodi, masanduku ya chumvi ya kumwaga barabarani theluji ikianguka. Ajenda lazima ibandikwe siku tatu kamili kabla ya mkutano, na mwananchi yeyote anaruhusiwa kuingia na kusikiliza. Mimi nilikwenda kuomba taa kwenye kile kituo cha basi. Wakanipa dakika zangu za kusema mwanzoni mwa kikao. Nilitetemeka sauti, lakini nilisema. Ilichukua miezi kumi na moja, sasa pana taa ya sola. Na jambo ambalo Watanzania na Wakenya wengi huku hawalijui: ukiwa na kibali halali cha kuishi, kama raia wa nchi ya Jumuiya ya Madola una haki ya kujiandikisha na kupiga kura, hata uchaguzi wa wabunge. Jiandikishe.

Usafiri sitakudanganya, ni mgumu. Kabla hujasaini mkataba wa kazi, tafuta ratiba ya basi la kijiji hicho hicho na uiweke kando ya saa za zamu zako. Jumapili vijiji vingi havina basi kabisa. Nauli tangu Januari 2025 imewekewa kikomo cha pauni 3 kwa safari moja kwenye kampuni zilizo katika mpango wa serikali. Bonde letu lina bahati ya reli ya Sheffield hadi Manchester, inasimama Hathersage, Bamford, Hope na Edale, nami Idi huswali Sheffield kwa sababu hiyo treni ipo. Kijiji kisicho na reli wala basi la jioni, kwa mtu wa zamu za usiku, hapo nitaungana na waliokwambia ukatae, au mdai mwajiri makazi ya jirani kabisa.

Ukiugua, jisajili kwa daktari wa eneo wiki ya kwanza, usingoje homa. Kumwona hulipii. Kisheria hawapaswi kukunyima usajili kwa kukosa karatasi ya anwani. Na kama nyumba yako iko zaidi ya kilomita 1.6 kutoka duka la dawa, kliniki nyingi za vijijini huruhusiwa kukupa dawa hapo hapo. Shida isiyo ya dharura ni namba 111, ya kufa na kupona ni 999. Kile kibanda chekundu cha simu unachokiona kwenye picha, vijijini vingi kimenunuliwa na baraza kwa pauni 1 na ndani imewekwa mashine ya kushtua moyo. Ukipiga 999 watakuambia iliyo karibu iko wapi, na kama kabati limefungwa watakupa namba za kulifungulia. Wewe muuguzi, ukifika tu ijue ilipo. Gari la wagonjwa linatoka mbali, na mara nyingi anayetangulia ni mwanakijiji aliyefunzwa na huduma ya magari hayo, anajitolea.

Nyumba. Vijiji vingi havina bomba la gesi, nyumba hupashwa moto kwa mafuta yanayowekwa kwenye tangi nje. Ni mafuta ya taa yale yale tuyajuayo. Muuzaji kwa kawaida haleti chini ya lita 500, na bei ukinunua peke yako inauma. Uliza kama kijiji kina kikundi cha kununua mafuta kwa pamoja. Kwetu kipo: mtu mmoja anakusanya oda za nyumba zote, anapiga simu kwa wauzaji, anachukua bei ya chini. Majira yangu ya kwanza ya baridi sikujua, nikaagiza peke yangu, na fedha niliyoizidisha ingemlipia mdogo wangu ada ya muhula.

Baada ya hayo yote, nije kwenye yale ambayo hakuna aliyekuambia, nayo ndiyo yamenifanya nibaki: njia za miguu. Uingereza na Wales zina takriban kilomita 225,000 za njia za umma zinazokatiza mashamba ya watu, na una haki ya kupita ingawa ardhi ni ya mtu. Mshale wa njano ni njia ya miguu, wa bluu ni wa farasi na baiskeli pia. Ukuta wa mawe ukikukatiza utaona ngazi ya kuvukia. Geti liache ulivyolikuta. Ng'ombe wenye ndama wazungukie mbali. Nunua ramani ya jalada la chungwa ya Ordnance Survey, shirika la ramani la huku, njia zote zimechorwa kwa vistari vya kijani, maana simu yako milimani mara nyingi haitakuwa na mtandao.

Haki hizi watu walizipigania, na walizipigania hapa kwetu. Tarehe 24 Aprili 1932 vijana mamia, wengi wafanyakazi wa viwandani Manchester, walipanda Kinder Scout kwa makusudi wakati mlima umefungwa kwa ajili ya matajiri kuwinda ndege. Watano walifungwa jela. Mwaka 1949 ikaja sheria ya hifadhi na njia, na 1951 Peak District, milima hii ya kwetu, ikawa hifadhi ya taifa ya kwanza ya Uingereza. Kila nikipanda kutoka Edale huwa nawawaza wale vijana. Mimi ni mtoto wa milima, Usambara nilipanda na kuni kichwani, lakini kupanda bila mzigo, kwa kupenda tu, nilijifunzia huku nikiwa na miaka 34. Ukipotea au ukiumia, piga 999, omba polisi, kisha waokoaji wa milimani. Hao nao wanajitolea, wanaacha chakula mezani wanakuja kukutafuta kwenye mvua.

Kuna kitu kimoja nataka ukione kwa macho, na vijiji vya Derbyshire vinacho: kupamba visima kwa picha kubwa za petali za maua. Kila kijiji na wiki yake kati ya Mei na Septemba. Tissington huanza Siku ya Kupaa, sisi ni mwishoni mwa Juni. Mbao kubwa hulowekwa mtoni au bwawani siku kadhaa ili zisinyonye maji ya udongo. Halafu udongo wa mfinyanzi unachanganywa na chumvi kidogo usikauke upesi, unakandwa kwa miguu, unapakwa juu ya ubao. Mchoro wa karatasi unawekwa juu, unatobolewa kwa sindano, karatasi ikitolewa vitobo vinabaki. Mistari tunaifuata kwa punje za kahawa au mbegu. Kisha petali, moja moja. Unaanza chini unapanda juu, kila petali inalalia ya chini yake kama vigae vya paa, ili mvua iteleze isiingie. Mwaka wa kwanza nilipewa kona ya anga, petali za bluu za hydrangea, nikabandika jioni tatu hadi shingo ikakakamaa. Kando yangu yule mama wa mbwa, mbele yetu mzee wa miaka 91 anachambua petali zilizonyauka. Kazi ya pamoja kama hii kwetu tunaiita msaragambo, nikawaambia neno hilo, na mwaka uliofuata aliyeandika tangazo la kuita watu kwenye ghala tunakobandikia aliliandika juu kabisa kwa herufi kubwa. Picha ile hudumu wiki moja tu, kisha inakwanguliwa.

Kuhusu shamba dogo uliloulizia mwishoni: ndiyo, inawezekana. Kipande kamili cha bustani ya kukodi ni kama mita za mraba 250, omba nusu, na weka jina lako kwenye orodha siku ile ile unapofika kwa sababu foleni yaweza kuwa ya miaka. Kama kijiji hakina, sheria ya 1908 inawaruhusu wakazi sita waliojiandikisha kupiga kura au wanaolipa kodi ya nyumba kuliandikia baraza kulitaka lishughulikie. Viazi, kabichi na karoti vinakubali kama Lushoto. Mchicha panda Juni chini ya kioo.

Viatu vya matope na koti la mvua nunua huku, vya mitumba vipo kwenye maduka ya hisani. Niambie unaripoti lini na kijiji gani, unitumie ujumbe wa faragha. Ikiwa ni kabla ya mwisho wa Juni, panda treni ushuke Hope, nitakuja kukupokea, tutakuwa bado tunahitaji mikono ya kubandika.