Maswali ya Wasomaji: Pikipiki za Zamani kwenye Milima ya Kigezi

Safari hii barua nyingi zimetoka kwa makundi yanayojiandaa kwa kiangazi cha Juni hadi Agosti, na karibu wote wanaelekea kusini magharibi mwa Uganda. Tumejibu kwa urefu yale yanayowakwamisha watu njiani.

Inazimika ikishapata moto

*Wahariri, salaam. Tuko marafiki watano hapa Kampala, mwezi wa saba tunataka kufika Kisoro. Yangu ni Honda CG125 yenye pointi. Asubuhi inawaka kwa kiki moja. Nikienda kama kilomita 50 inakohoa, inazimika. Nikikaa kivulini nusu saa inawaka kama haikuwa na neno. Fundi amebadilisha plagi mara tatu. – Msomaji, Ntinda*

Ndugu yetu, acha kununua plagi. Injini inayokufa ikiwa moto na kufufuka ikipoa huwa na mojawapo ya magonjwa manne, na ile nusu saa ya kivulini huyafunika yote. Ndiyo maana fundi akiikagua gereji haoni kitu. Ukitaka kulikamata tatizo, usisubiri ipoe. Fanya haya pale pale ilipozimikia, kwa mpangilio huu.

Kwanza fungua kifuniko cha tangi. Ukisikia hewa inavutwa ndani, kitundu cha kupumulia kimeziba kwa vumbi au kutu, na petroli imeshindwa kushuka kwa sababu hakuna hewa ya kuchukua nafasi yake. Piga kiki kifuniko kikiwa wazi. Ikiwaka, umemaliza: kitundu kizibuliwe kwa waya mwembamba.

Pili, vua plagi, ivalishe kofia yake, uigusishe chuma kwenye injini mbali na tundu la plagi, upige kiki. Cheche nzuri ni nene na ya buluu. Ikiwa nyembamba ya njano, au haipo kabisa, shida ni kandensa (kikopo kidogo kinachozuia pointi zisiungue) au koili (inayopandisha umeme wa plagi). Vyote viwili hudhoofika kwa joto. Kandensa ndiyo ya kushuku kwanza, maana ni rahisi kuibadilisha na huacha alama: nyuso za pointi (swichi ndogo inayokatakata umeme wa koili) huungua na kuchimbika, na ukiziangalia jioni injini ikinguruma utaona cheche zinaruka kati yake mfululizo. Usipopata ya pikipiki yako, kandensa ya gari la zamani lenye pointi, ya maikrofaradi 0.2 hadi 0.25, inafanya kazi vizuri. Iunganishe kwenye waya wa pointi, mwili wake uguse fremu, na uifunge chini ya tangi mbali na joto la silinda. Pointi zisuguliwe kwa msasa laini, kisha nafasi yake irudishwe kati ya milimita 0.3 na 0.4.

Tatu, ikiwa cheche ni nzuri, rudisha plagi, kisha sukuma kiki polepole kwa mkono. Ikishuka laini bila ukinzani, valvu imebanwa. Valvu hurefuka kwa joto, na kama nafasi yake ilikuwa ndogo mno asubuhi, ikipata moto haifungi tena na mgandamizo unapotea. CG125 inataka milimita 0.08 kwa valvu zote mbili, injini ikiwa baridi kabisa. Kuna mafundi wanaoibana zaidi ili sauti ya tiki-tiki inyamaze. Injini hii ni ya fimbo za kusukumia valvu, na sauti kidogo ndiyo afya yake.

Ukishatengeneza, usianze safari. Pakia mzigo wote utakaobeba, nenda Masaka na urudi siku hiyo hiyo, kama kilomita 260. Pikipiki isiyoweza safari hiyo haina sababu ya kwenda Kisoro.

Kuchanganya oili, na mteremko wa Kanaba

*Nina Yamaha DT125 ya mipigo miwili. Aliyeniuzia alikuwa amekwisha kuitoa pampu ya oili. Nichanganye kiasi gani? Tena nimeambiwa nisipunguze kasi kwa injini mteremkoni, na breki zangu ni za ngoma. – Msomaji, Masaka*

Kwa safari ya milima na mzigo, tunashauri 1 kwa 32 kwa oili nzuri ya injini za mipigo miwili: kama mililita 31 kwa kila lita ya petroli, au mililita 250 kwa lita 8. Oili ya kawaida ya bodaboda isiingie humo, haikutengenezwa kuungua. Beba chupa ya plastiki uliyoichora mistari, kwa sababu ukifika stesheni ukiwa umechoka utakadiria, na makadirio ndiyo yanayoua pistoni. Tikisa pikipiki baada ya kujaza. Usiku funga koki ya petroli.

Uliyoambiwa juu ya mteremko ni kweli, na inafaa kuelewa kwa nini. Katika injini yako oili inakuja pamoja na petroli. Ukifunga aksileta kabisa ukiwa gia ya chini, magurudumu yanaizungusha injini kwa kasi huku kabureta ikitoa karibu na sifuri. Pistoni inakwenda mbio bila oili. Ikiendelea hivyo dakika kadhaa inakwama, gurudumu la nyuma linafunga, na hapo uko kwenye kona ya Kanaba ukitazama Kisoro chini.

Breki peke yake nazo hazitoshi. Ngoma ikipata moto hutanuka kuiacha mikate ya breki, na mikate yenyewe ikizidi joto hupoteza mshiko. Kanyagio linashuka na pikipiki haisimami. Kwa hiyo changanya mbinu. Chagua gia ambayo ungepandia kilima hicho hicho. Kila baada ya sekunde tatu au nne fungua aksileta robo, ipate pumzi moja ya mchanganyiko, ufunge. Breki zishikwe kwa nguvu kwa muda mfupi kisha ziachwe zipoe. Usiziburuze kidogo kidogo mteremko mzima. Ukinusa harufu ya kuungua, simama kabla hujalazimika kusimama. Wenye injini za mipigo minne hawana tatizo la oili, kwa hiyo wao waiache injini iwashike muda wote.

Kabla ya kuondoka fungua magurudumu yote mawili. Mkate uliobaki chini ya milimita 2 ubadilishwe. Uliong'aa kama kioo usuguliwe kwa msasa.

Pikipiki inakosa nguvu Kabale

*Je, nibadilishe jeti ya kabureta kwa ajili ya milima? – Msomaji, Mbarara*

Hapana. Kampala iko kama mita 1,200 juu ya bahari, Kabale karibu mita 2,000. Injini hupoteza takriban asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000, kwa hiyo utaona upungufu, lakini hauhitaji jeti mpya (kitundu kinachopima petroli ndani ya kabureta). Ukiweka jeti ndogo ukasahau kuirudisha, utateremka na mchanganyiko mkavu, wenye petroli kidogo mno, unaotoboa pistoni. Safisha kwanza chujio la hewa, maana vumbi hufanya kosa lile lile la mwinuko. Plagi ikiendelea kuwa nyeusi kavu, pandisha klipu ya sindano ya kabureta tundu moja, na uirudishe ukishuka.

Mzee wetu ana BSA

*Mmoja wetu ni mzee wa miaka 68, ana BSA B31 ya miaka ya 1950. Anasema petroli ya siku hizi itamharibia valvu. Tumwache nyumbani? – Msomaji, Entebbe*

Msimwache hata kidogo! Mzee ana hoja: kichwa cha B31 ni cha chuma cha kusubu, na viti vya valvu vimechongwa humo humo. Risasi iliyokuwa kwenye petroli ilivikinga. Lakini uharibifu huja kwa joto la mwendo mkali wa muda mrefu, na ninyi mtakwenda kilomita 60 hadi 70 kwa saa. Inatosha apime nafasi ya valvu ya ekzosi kabla na baada ya safari. Ikiwa inazidi kupungua, kiti kinaliwa.

Linalotutia wasiwasi zaidi ni spana. Nati za pikipiki hiyo ni za vipimo vya zamani vya Kiingereza, na spana za milimita za mafundi wetu wa njiani zitazivuruga pembe. Mzee abebe zake. Na msibadilishane pikipiki kwa kuonjeshana: yake gia iko mguu wa kulia na breki ya nyuma kushoto. Mtu aliyezoea Honda, akishtuka, atakanyaga gia akidhani ni breki.

Tubebe nini, na tuendeje?

*Kundi letu lina pikipiki tano za aina tano. – Msomaji, Jinja*

Msibebe kile ambacho fundi wa bodaboda anacho katika kila senta: plagi, balbu, cheni ya 428, viraka. Bebeni kisichopatikana. Kila mmoja awe na waya wake wa klachi na wa aksileta, tena ule wa klachi ufungwe kwa tepu sambamba na unaotumika, ili ukikatika uhamishe ncha mbili tu. Ongezeni seti ya pointi na kandensa kwa kila pikipiki, kiungo cha cheni, tyubu ya mbele na ya nyuma, vyuma vya kuvulia tairi, pampu, geji ya kupimia nafasi, waya wa kufungia na mita mbili za mpira wa petroli.

Msiifanye safari ya siku moja. Kampala hadi Mbarara ni kama kilomita 270, inatosha kwa siku ya kwanza. Kituo cha kwanza kiwe Kayabwe kwenye ikweta: gusa vitovu vya magurudumu kwa kiganja, kimoja kikiwa moto kuliko vingine breki inaburuta au beringi inakufa. Lukaya mtakula nyama choma na gonja, na huku injini zinapoa kaza nati za ekzosi na za kabureta, ndizo hulegea kwanza. Siku ya pili Kabale, ya tatu Kisoro.

Pikipiki dhaifu itangulie, mwenye vifaa awe wa mwisho. Kila mtu amlinde wa nyuma yake kwa kioo. Asipomwona, apunguze, na kwenye njia panda asimame hadi aonekane. Saa kumi na moja jioni muwe mmefika. Taa za volti 6 hazioneshi shimo, wala dereva wa lori hazioni mapema.

Kuvuka Rwanda

*Tukitaka kuingia Rwanda kwa Cyanika? – Msomaji, Kisoro*

Kadi ya pikipiki, leseni ya daraja A, bima yenye kadi ya njano ya COMESA (inayoifanya ikubalike nje ya nchi), na kama pikipiki si ya jina lako, barua ya mwenyewe. Ukishavuka unaendesha kulia. Asubuhi ya kwanza utakumbuka. Hatari iko unapoondoka stesheni ya mafuta na barabara iko tupu.