Bustani za mtaa: majibu kwa vikundi vya kujitolea jijini Nairobi

Kikundi chetu cha Umoja kimesafisha jaa la zamani kando ya barabara. Je, tunaweza kuanza kupanda mboga mara moja? (Msomaji, Umoja)

Kazi mliyoifanya ni ya kupongezwa, lakini ningeomba msubiri hadi mpate idhini ya maandishi. Sheria ya Kaunti ya Nairobi ya mwaka 2015 kuhusu kilimo cha mjini inatambua kilimo ndani ya jiji, ila haimpi mtu yeyote haki ya kulima hifadhi ya barabara, yaani ardhi iliyotengwa kando yake, na barabara hiyo ikipanuliwa mtang'olewa pamoja na miche yenu bila fidia. Ikiwa bado hamjasajiliwa, anzeni hapo: Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022 inahitaji wanachama wasiopungua 10, na cheti chake hurahisisha kufungua akaunti ya benki na kuandika barua inayopokelewa kwa uzito. Pelekeni ombi kwa afisa wa kilimo wa kaunti ndogo, na nakala kwa chifu na kwa mwakilishi wa wadi.

Lipo pia suala la udongo wenyewe. Mahali palipokuwa jaa huwa na mabaki ya betri, rangi na vyuma ambayo hayaonekani kwa macho, kwa hiyo msipande chakula moja kwa moja ardhini. Leteni udongo kutoka mahali mnapopajua, muuweke katika magunia au matuta yaliyoinuliwa, na pale chini pandeni maua na vichaka. Kwa kuwa mnaweza kuondolewa wakati wowote, chagueni mboga za muda mfupi kama terere na dania, wala msiweke miparachichi itakayochukua miaka kuzaa.

Mfereji wetu hukauka siku nyingi kwa wiki. Kuna ubaya gani kunyunyizia sukuma maji ya mto, ikiwa tutaziosha na kuzipika vizuri? (Msomaji, Mathare)

Ubaya upo, na ni mkubwa. Mito ya Nairobi hupokea maji taka ya majumbani pamoja na ya viwanda na gereji. Moto wa jikoni huua vijidudu, lakini hauondoi madini yenye sumu kama risasi na kadimiamu, na kuosha huondoa tu kilichokaa juu ya jani, ilhali madini hayo hufyonzwa na mizizi na kubaki ndani ya mmea. Mboga za majani huyakusanya zaidi kuliko mazao ya matunda kama nyanya. Risasi hudhuru ubongo wa mtoto hata kwa kiwango kidogo, na watoto ndio wanaolishwa sukuma hizo kila jioni. Kwa sababu hiyo siwezi kumshauri mtu yeyote atumie maji hayo, hata wakati wa kiangazi.

Tegemeeni mvua ya paa. Paa la mabati lenye mita za mraba 50 likinyeshewa milimita 10 hutoa takriban lita 500, ukitoa kidogo kinachopotea, na mara nyingi shule au kanisa la jirani hukubali kikundi kiweke mfereji wa paa na tangi kwenye jengo lake, mradi nalo lipate sehemu ya maji. Yaacheni maji ya mvua ya kwanza yapite, kwa sababu hubeba vumbi na kinyesi cha ndege. Kisha funikeni udongo kwa majani makavu ili unyevu usipotee upesi. Maji yaliyooshea mboga yanafaa pia. Yenye sabuni nyingi yasitumike.

Kumbukeni vilevile kwamba baada ya mafuriko ya mwaka 2024 serikali iliamuru watu waliokaa ndani ya mita 30 za kingo za mito waondoke. Bustani iliyo ukingoni kabisa haina usalama wa maji wala wa ardhi.

Tulianza wengi, sasa tunaofika Jumamosi ni wachache sana, lakini siku ya kuvuna kila mtu yupo. Tufanyeje? (Msomaji, Buruburu)

Swali hili huvunja vikundi vingi kuliko ukame, nami nawahurumia wachache wanaobeba mtungi kila wiki. Msitangulie kulaumiana. Wengi wanaotoweka wana sababu za kweli: vibarua vya Jumamosi, wagonjwa nyumbani, au kazi ya jembe isiyolingana na nguvu zao. Mwulizeni kila mmoja anachoweza, kwa kuwa wapo wasioweza kulima lakini wanaweza kutunza kitalu, kuweka hesabu au kukusanya mabaki ya mboga sokoni kwa ajili ya mboji.

Halafu andikeni kanuni kabla ya mavuno yajayo. Utaratibu ninaoupendelea ni kugawa mavuno katika mafungu matatu: la wanaoshika zamu, kulingana na daftari la mahudhurio; la kuuza ili kununua mbegu na samadi; na la majirani wenye shida, wakiwemo wazee wasioweza kushiriki. Daftari lisomwe hadharani kila mwezi, na mweka hazina asiwe ndiye anayeuza mboga.

Udongo wetu ni mweusi, hupasuka kiangazi na kutuama maji masika. (Msomaji, Embakasi)

Inueni matuta kiasi cha sentimita 30, mchanganye samadi iliyooza na mboji kila msimu, na msilime udongo ukiwa umelowa. Managu na kunde zitastawi.

Hatuna ardhi kabisa, ila veranda ya ghorofa. (Msomaji, Kayole)

Gunia moja linatosha kuanza. Simamisheni katikati yake debe lisilo na kitako, mlijaze kokoto, mzungushie udongo uliochanganywa na samadi, kisha mliinue debe kadiri gunia linavyojaa, ili kokoto zibaki kama nguzo inayoshusha maji hadi chini. Toboeni ubavuni na mchomeke miche ya sukuma. Kabla ya kuweka magunia mengi, mwulizeni mwenye nyumba kama sakafu inaweza kubeba uzito huo, kwa sababu udongo uliolowa ni mzito sana.