Mmisionari Halipwi Dola: Jibu kwa Vijana wa Usharika

Bwana Yesu asifiwe, ndugu zangu vijana.

Ujumbe mlioniandikia kwa pamoja nimeusoma mara mbili, na mara ya pili ndiyo iliyonikasirisha. Mnaniuliza kama ni kweli kwamba mmisionari hulipwa kwa dola, kwamba hupewa gari na nyumba yenye jenereta, na kama mimi niliyekwisha kuingia ninaweza kuwafanyia mpango nanyi mje huku kaskazini mwa Msumbiji. Mnasema habari hizo zilianza na picha yangu nikiwa nimeegemea gari jeupe. Gari lile lilikuwa la watu waliokuja kuchimba kisima. Walichimba, wakapata maji, wakaondoka nalo. Mimi nina baiskeli.

Sitawaeleza habari za mbu, matope na kuamka alfajiri, kwa sababu wengi wenu mmekulia vijijini na mnayajua hayo kuliko wanaoyaandika. Vijiji vya wilaya ya Ribáuè, magharibi mwa mji wa Nampula, havina tofauti kubwa na vile mnavyovijua: muhogo, mahindi, vilima vya mawe, na watu wapole ambao hawasahau upesi. Wamakua wa hapa ni ndugu wa Wamakua wa Masasi na Tunduru, kwa hiyo hata lugha yao haikunitisha kama Kireno cha maofisini. Ninalotaka kulisema ni moja tu, nalo ni fedha, kwa kuwa ndilo mlilouliza, na kwa kuwa kanisani kwetu jambo hilo huombewa sana lakini halizungumzwi.

Mshahara sina. Ninacho kile kinachoitwa ahadi. Mnaikumbuka ile Jumapili ya kutuaga, jinsi watu walivyosimama mmoja mmoja wakataja kiasi watakachotoa kila mwezi, na akina mama wakapiga vigelegele. Bahasha za mwanzo zilijaa kweli. Kisha paa la kanisa likaanza kuvuja, kwaya ikahitaji kinanda kipya, shule zikafunguliwa, na kila lilipotokea jambo, ahadi ya misheni ndiyo iliyopunguzwa kwanza, kwa kuwa aliye mbali hakuna anayemwona akinuna. Kinachobaki hukaa kwa mtunza hazina kikisubiri kiwe kingi, ili gharama ya kukituma isikile chote. Kisha hubadilishwa kutoka shilingi kuwa dola, na kutoka dola kuwa metikali, na kila kinapobadilishwa hukatwa. Nami hulazimika kulipa nauli ya kukifuata mjini. Iko miezi ambayo hakuna kinachofika, wala hakuna anayeandika kuniambia kwamba hakitafika, na mimi huendelea kwenda kuulizia hadi karani wa benki ananijua kwa jina.

Hata hivyo kuchelewa ninaweza kukuvumilia. Kinachonidhili ni taarifa ya robo mwaka. Fomu ina safu ya waliookoka, safu ya waliobatizwa, na nafasi ya picha. Huku nasaba hufuata upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye kauli katika ukoo. Mwanamke anayetaka kubatizwa husubiri mjomba wake azungumzishwe, azungumzishwe tena, na pengine msiba utokee kwanza ndipo sisi tuonekane tukikaa nao chini usiku kucha, baada ya hapo mjomba anakubali bila hata kuulizwa. Mazungumzo hayo yanaweza kuchukua miaka, na katika fomu yanaandikwa sifuri. Mgeni mmoja aliyepita hapa alinishauri nitume picha za watoto wenye matumbo yaliyovimba, hasa za mwezi wa pili, wakati chakula cha mwaka jana kimekwisha na mahindi mapya hayajakomaa, kwa sababu picha za namna hiyo huwagusa watoaji. Watoto hao ni wa jirani zangu. Mama zao ndio wanaotuletea muhogo wanapoona jioni inaingia na jiko letu halitoi moshi. Nilikataa, na sikujutia, ingawa ahadi iliyokuwa ikipitia kwa mgeni huyo haikuonekana tena.

Msidhani kwamba wa huku wanaujua umaskini wangu na kunihurumia. Wazee hapa wanazikumbuka misheni za zama za Wareno, zilizokuwa na shule, zahanati na stoo ya nguo. Baada ya uhuru wa 1975 serikali ilizitaifisha shule na hospitali za misheni, lakini kumbukumbu ya stoo haikutaifishwa. Anapotokea mmisionari, hata akiwa mweusi, hata akiwa na baiskeli yenye tairi lililoshonwa, watu hutazama nyuma yake kuona bidhaa ziko wapi. Wao wanaamini nimelificha ghala, nanyi mnaamini ninaishi ndani yake.

Kisha ipo familia. Mama yangu huweka bahasha yake ya misheni kila mwezi, na bahasha hiyo, kwa njia zote nilizozitaja, hunifikia mimi. Nami kutoka katika hicho kinachonifikia humtumia fedha ya dawa zake za presha. Fedha ya mama inazunguka nchi mbili na kumrudia ikiwa imekonda. Nikimwambia aache kutoa, nitamvunja moyo, kwa maana sadaka ile ndiyo sehemu yake katika kazi hii. Nikiacha kumtumia, nitakuwa mtoto wa namna gani? Mjomba wangu aliniandikia kwamba nimewaacha wangu ili niwatunze watu wasio wangu. Nilitafuta mstari wa Biblia wa kumjibu, nikaupata, nikaacha kuutuma. Baba alipozikwa sikuwepo, na mkaambiana kwamba mtumishi ameutanguliza wito. Hapana. Sikuwa na nauli.

Msinielewe kwamba ninawalilia wazungu warudi. Mwaka 1969 Papa Paulo wa Sita aliwaambia Waafrika mjini Kampala kwamba sasa wao ni wamisionari wa nafsi zao. Mwaka 1971 Mchungaji John Gatu wa Kanisa la Presbiteri la Afrika Mashariki alitaka wamisionari wa kigeni waondoke kwa kipindi fulani ili makanisa yetu yajitegemee, na mwaka 1974 mkutano wa makanisa ya Afrika uliofanyika Lusaka ukaliunga mkono wazo la kusimamisha watu na fedha kutoka nje. Mambo haya nasi huyahubiri kwa fahari kila Jumapili ya misheni. Nami nayaamini, ndiyo sababu niko hapa. Lakini aliyesema msaada wa nje usimame alikuwa pia anasema kwamba sisi tutatoa, na sehemu hiyo ya pili ndiyo tuliyoipokea kwa makofi tukaiacha pale pale ukumbini.

Mmoja wenu ameniandikia kwamba Apolo Kivebulaya hakudai ahadi. Ni kweli, na ninamheshimu kuliko huyo aliyeniandikia anavyodhani. Mwinjilisti yule Muganda aliingia Mboga, katika Kongo, mwaka 1896, akapigwa, akafungwa, akarudi tena kwa watu wale wale, na akafia huko mwaka 1933. Lakini Apolo hakuwa na mke wala watoto wa kulipiwa karo. Mimi ninao, nanyi mliwaombea kwa kuwawekea mikono kichwani. Mnapomtaja Apolo ili nisiulize habari za bahasha, mnalitumia jina la mtu mwema kufunga mjadala wa hesabu.

Kwa hiyo mje au msije? Msije. Mwenye kutafuta ajira ajifunze Kireno na aitafute kwa jina lake halisi, asiivishe joho. Mwenye kukimbia kuchumbiwa, kukosa kazi au kugombana na wazazi asidhani kwamba huku matatizo hayo yatamkosa. Lakini yule binti muuguzi aliyeuliza kwa mstari mmoja tu mwishoni, kana kwamba anaona haya, namwambia aje, hata kesho, kwa kuwa hapa mtu mwenye homa kali hupakiwa nyuma ya baiskeli, na mwendo wa kufika zahanati ni mrefu. Aje na barua ya usharika yenye kiasi kilichoandikwa na kutiwa sahihi na wazee, si vigelegele. Kama wazee watakataa kuandika, abaki nyumbani. Ingawa, nikisema kweli, mimi mwenyewe nilikuja bila barua ya namna hiyo na nisingependa kuwa mahali pengine.

Mtu asikopeshe fedha, maana mdaiwa huacha kuja ibadani. Mimi hukopesha kila Januari, kwa kuwa sijui namna ya kumwambia jirani mwenye njaa kwamba nina kanuni. Mtu asimweleze mama yake kila kitu, lakini pia asimdanganye. Sijui hayo mawili hukutana wapi, nami hufanya lipi kati yake kutegemea siku yenyewe.

Na jambo la jembe, kwa kuwa limewafikia. Ndiyo, mimi na mke wangu tunalima. Mzee mmoja wa kanisa alipotutembelea na kunikuta shambani, alisikitika mbele ya majirani na kuniomba nisilitie kanisa aibu. Nilimkumbusha kwamba mtume Paulo alishona mahema huko Korintho pamoja na Akila na Prisila. Akanijibu kwamba Paulo hakuwa na usharika wa kumtunza. Nilimtazama usoni nione kama anatania, lakini hakuwa anatania.

Mpwa wangu aliye kati yenu ajue kwamba karo ya muhula ujao siwezi, na asiniandikie tena kupitia kwa bibi yake. Mwenyekiti wenu naye naomba amwone mtunza hazina kabla ya mwezi kwisha. Mahindi tumekwisha kuvuna na ya kutosha tumeyaweka, kwa hiyo chakula si haja yetu kwa sasa. Haja ni dawa za malaria, nauli ya watu wanne hadi Nampula, na ada ya kuhuisha hati zetu za ukaazi, ambazo zinakwisha muda karibuni. Kama fedha ya miezi iliyopita haipo, niandikiwe kwamba haipo, ili nijue mapema ni nani wa kumwendea hapa kijijini.